Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya: Rangi ya Chungwa Iingie Kwenye Sufuria ya Shule

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Dodoma.

Nakala: Waziri wa Elimu, Shirika la Viwango (TBS), Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), Taasisi ya Chakula na Lishe.

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe liko hadharani. Liko kwenye rafu za maduka ya dawa, kwenye semina za biashara ya mtandao na kwenye matangazo yanayosambazwa kwa simu. Mahali lilipokosekana ni kwenye sufuria za shule zetu za msingi. Nazungumzia beta-karotini, ile rangi inayoipa karoti, boga, embe na kiazi lishe (kiazi kitamu cha rangi ya chungwa) sura yake. Ikiliwa ndani ya chakula inamjenga mtu, na hakuna madhara ya maana yanayojulikana. Ikitiwa kwenye kidonge kwa kipimo kikubwa, imewahi kuwaongezea saratani wavutaji sigara walioimeza wakiamini inawakinga. Ushahidi wa mambo yote mawili umekuwapo kwa miongo kadhaa. Hata hivyo kidonge kinajiuza chenyewe kwa sifa kemkem, na chakula chenye rangi hiyo hakijapewa nafasi yake katika mlo wa mtoto wa shule. Naiomba Wizara yako ipindue mpangilio huo, na nitaeleza kwa nini.

Mwili unaihitaji beta-karotini kama malighafi ya vitamini A. Ndani ya utumbo mwembamba kimeng'enya huikata, na hatimaye hupatikana retinoli, yaani vitamini A halisi, ileile iliyomo kwenye ini, mayai na maziwa. Vitamini hiyo ndiyo inayoliwezesha jicho kuona kwenye mwanga hafifu. Ndiyo inayotunza utando wa ndani ya koo, mapafu na utumbo, na ndiyo inayompa mtoto uwezo wa kustahimili surua na kuhara. Ikipungua, mtoto huanza kujikwaa magharibi wakati wenzake bado wanakimbia. Ikipungua zaidi jicho hukauka, kioo chake hulainika, na upofu unaofuata hautibiki. Lakini retinoli ikizidi nayo ni sumu. Huumiza ini, na mama mjamzito anayemeza zaidi ya uniti za kimataifa (IU) 10,000 kila siku anamweka hatarini mtoto aliye tumboni. Beta-karotini ya chakula haina hatari hiyo, kwa sababu mwili ukishashiba vitamini A hupunguza kasi ya kuikata. Anayekula karoti na boga kila siku kwa wiki nyingi ataona viganja na nyayo zake zikigeuka rangi ya chungwa, basi. Weupe wa jicho hubaki mweupe, na hapo ndipo hali hiyo inapotofautiana na umanjano wa ugonjwa wa ini. (Wauguzi wa kliniki za watoto wakumbushwe hilo, maana mzazi anayemlisha mwanawe uji wa boga anaweza kutiwa hofu bure.)

Tumaini kwamba beta-karotini inazuia saratani halikutoka hewani. Tafiti nyingi za mwanzo zilionyesha kwamba watu wanaokula mboga na matunda kwa wingi, wenye beta-karotini nyingi kwenye damu, huugua saratani ya mapafu kwa uchache. Mwaka 1981 Richard Peto, Richard Doll na wenzao waliliuliza swali hilo waziwazi katika jarida la Nature, na waliliuliza kwa uangalifu: walitaka lipimwe. Likapimwa. Nchini Finland wanaume 29,133 wavutaji sigara, wenye umri wa miaka 50 hadi 69, waligawanywa kwa bahati nasibu. Baadhi walipewa miligramu 20 za beta-karotini kila siku, wengine vitamini E, wengine vyote viwili, na wengine kidonge kitupu, wakafuatiliwa kwa miaka 5 hadi 8. Matokeo yalichapishwa mwaka 1994. Waliomeza beta-karotini walikuwa wamepata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasioimeza, na vifo vyao kwa jumla vilizidi kwa asilimia 8. Wapo waliodhani ni mchezo wa bahati katika takwimu. Lakini Marekani ulikuwa unaendelea utafiti mwingine, CARET, wenye watu 18,314: wavutaji, walioacha kuvuta, na wafanyakazi waliovuta vumbi la asbesto. Hao walipewa miligramu 30 za beta-karotini pamoja na uniti 25,000 za vitamini A. Januari 1996 ulisimamishwa miezi 21 kabla ya wakati wake, kwa kuwa kundi la vidonge lilikuwa na saratani ya mapafu kwa asilimia 28 zaidi na vifo kwa asilimia 17 zaidi. Mwaka huohuo ukatoka utafiti wa madaktari wanaume 22,071 wa Marekani, wengi wao wasiovuta: miaka 12 ya vidonge haikuwadhuru, wala haikuwasaidia kitu.

Ndani ya utafiti wa Finland kuna jambo ambalo wauzaji wa vidonge hawalitaji, nami naliona kuwa ndicho kiini cha suala lote. Wanaume walewale walipimwa damu kabla hawajameza chochote. Waliokuwa na beta-karotini nyingi zaidi wakati huo, iliyotokana na mlo wao wa kawaida, ndio waliopata saratani kwa uchache katika miaka iliyofuata. Kwa hiyo tafiti za mwanzo hazikukosea hesabu. Zilimwona mla mboga, zikamtambua kwa rangi iliyomo kwenye damu yake, kisha rangi hiyo ikapewa sifa ambazo ni za mlo mzima pamoja na namna nzima ya kuishi. Rangi peke yake, ilipomiminwa kwa kipimo kilichoipandisha ndani ya damu kwa zaidi ya mara kumi, ilifanya kazi nyingine. Majaribio ya Chuo Kikuu cha Tufts kwa wanyama wa jamii ya kicheche, yaliyochapishwa mwaka 1999, yalitoa mwanga: beta-karotini nyingi ikikutana na moshi wa sigara ndani ya mapafu huvunjikavunjika, na mabaki yake huvuruga kazi ya vitamini A palepale mapafuni, hadi seli zikaanza kubadilika kuelekea saratani. Dawa inayosifiwa kuwa "inaondoa sumu mwilini" inaweza, ndani ya pafu lenye moshi, kugeuka kuwa sehemu ya sumu yenyewe.

Hata pale vidonge vilipokuwa na kazi ya maana, wataalamu waliamua kuitoa beta-karotini. Mchanganyiko maarufu wa vidonge vya macho, unaotumika kupunguza kasi ya ugonjwa wa retina kwa wazee, ulikuwa na miligramu 15 zake. Utafiti wa AREDS2 uliotolewa mwaka 2013 ulilinganisha mchanganyiko huo na ule wenye luteini na zeaksantini badala yake, na saratani ya mapafu ikaonekana zaidi kwa waliopewa beta-karotini. Wengi wa waliougua walikuwa wameshaacha sigara. Hilo ni muhimu, kwa sababu aliyeacha kuvuta hujihesabu kuwa ametoka hatarini na haoni kwamba onyo linamhusu. Mwaka 2022 jopo la Marekani linalotoa ushauri wa kinga lilirudia kuwashauri watu wasimeze beta-karotini kwa nia ya kuzuia saratani au magonjwa ya moyo. Mheshimiwa Waziri, hayo yote yamechapishwa na yanasomeka. Mtu wa Mbagala au Nyakato anayenunua chupa yenye maelezo ya herufi ndogo kwa lugha ya kigeni hawezi kuyapata humo.

Wako watakaosema kwamba vipimo vya majaribio yale vilikuwa vikubwa mno na havihusiani na vinavyouzwa hapa. Ni kweli kwamba vidonge vya kawaida vyenye vitamini mchanganyiko huwa na kiasi kidogo, na Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilisema mwaka 2012 kwamba chini ya miligramu 15 kwa siku, kutoka kwenye vidonge na rangi za vyakula kwa pamoja, hakuna sababu ya wasiwasi. Siombi mtu atishwe kwa sababu ya rangi ya siagi ya kupaka mkate. Lakini chupa nyingi huandika kipimo kwa uniti, na mnunuzi hajui kwamba uniti 25,000 za beta-karotini ni sawa na miligramu 15, hasa pale mpaka ulipowekwa. Akimeza vidonge viwili vya aina hiyo, kwa kuwa muuzaji amemwambia viwili vinafanya kazi haraka, ameshaipita miligramu 20 ya Finland. Wengine wataniuliza mbona sahani ya viazi lishe vya rangi kali inaweza nayo kuwa na miligramu 20. Inaweza. Tofauti iko kwenye kinachofika ndani ya mwili: Taasisi ya Tiba ya Marekani ilikadiria mwaka 2001 kwamba zinahitajika mikrogramu 12 za beta-karotini ya chakula kupata mikrogramu 1 ya retinoli, lakini ikiwa imeyeyushwa kwenye mafuta ya kidonge zinatosha 2. Rangi iliyofungwa ndani ya seli za kiazi huachiliwa polepole na kwa sehemu tu. Ndiyo maana namba ya kwenye chupa hailinganishwi na namba ya kwenye sahani.

Pingamizi lenye uzito zaidi linatoka China. Huko Linxian watu karibu 30,000 walishirikishwa kwenye majaribio, na waliopewa beta-karotini miligramu 15 pamoja na seleni na vitamini E walikufa kwa saratani kwa asilimia 13 chini ya wenzao. Matokeo hayo yalitolewa mwaka 1993, na wauzaji huyapenda. Ila watu wa Linxian walikuwa na upungufu wa muda mrefu wa virutubishi, na walipewa vitu vitatu kwa pamoja, kwa hiyo haiwezekani kusema ni kipi kilichofanya kazi. Kujaza pengo kunasaidia. Kumzidishia asiye na pengo, tena mwenye moshi mapafuni, kunadhuru. Hata kujaza pengo kwa vidonge kuna mipaka yake. Nepal mwaka 1999 ilionekana kwamba kiasi kidogo cha vitamini A au beta-karotini kila wiki kilipunguza sana vifo vya wajawazito. Majaribio makubwa zaidi ya Ghana na Bangladesh, yaliyotoka mwaka 2010 na 2011, hayakuiona faida hiyo. Sera ya nchi haijengwi juu ya utafiti mmoja uliopendeza.

Basi pengo letu likoje? Utafiti wa taifa wa mwaka 2010 ulikuta mtoto mmoja kati ya watatu wenye umri wa miezi 6 hadi 59 ana upungufu wa vitamini A, na miongoni mwa wanawake wa umri wa kuzaa hali haikuwa nafuu. Serikali imefanya mengi. Matone ya vitamini A hutolewa mara mbili kwa mwaka, uniti 100,000 kwa wasiofikisha mwaka mmoja na 200,000 kwa waliofikisha, na sababu zake ni nzuri. Mojawapo inatoka hapohapo mkoani ulipo: katika Hospitali ya Mvumi, baadhi ya watoto waliolazwa kwa surua walipewa vitamini A katika utafiti uliochapishwa mwaka 1987. Waliopewa walikuwa 88, wakafa 6; wasiopewa walikuwa 92, wakafa 12, na tofauti ilikuwa dhahiri kwa walio chini ya miaka miwili. Atakayeisoma barua hii kama hoja ya kufuta matone ameisoma vibaya. Matone yaendelee.

Lakini matone yana kikomo, na kikomo hicho kimeandikwa kwenye mwongozo wenyewe. Mtoto akitimiza miaka mitano hayapati tena. Muda si mrefu baadaye anaingia darasa la kwanza, na chakula cha mchana, kama shule inatoa, ni ugali mweupe na maharage, au kande, au uji mweupe. Hakuna tone wala rangi. Mama mjamzito hapewi matone ya kipimo kile hata kidogo, kwa sababu niliyoieleza juu ya retinoli na mimba. Makundi haya mawili, mtoto wa shule na mama mtarajiwa, yamebakiwa na chanzo kimoja kikubwa kilicho salama, nacho ni beta-karotini ya chakula. Msichana wa darasa la saba wa leo anaweza kuwa mama mjamzito baada ya miaka michache, kwa hiyo hata hayo makundi mawili ni watu walewale.

Nitaambiwa kwamba mafuta ya kula yanaongezwa vitamini A kwa mujibu wa kanuni za mwaka 2011. Ni hatua ya busara, ijapokuwa kuna kichekesho kidogo ndani yake: mawese huwa mekundu kwa wingi wa karotini, kiwanda huyasafisha hadi rangi yote iishe, kisha sheria inaamuru vitamini irudishwe. Tatizo ni kwamba mafuta hayo yanawafikia watu kwa namna tofauti. Mafuta ya kupima, yaliyokaa juani kwenye chupa angavu, hupoteza vitamini yake kwa mwanga. Alizeti ya mashine ndogo za vijijini mara nyingi haiongezwi chochote. Na shule inayochemsha kande bila mafuta haipati faida ya kanuni hiyo hata chembe. Kigoma wenyewe hawahitaji kufundishwa. Kijiko kimoja cha chakula cha mawese yasiyosafishwa kina zaidi ya miligramu 5 za karotini, tayari ndani ya mafuta, mradi tu yasichemshwe hadi yapauke. Anayehofia mafuta ya aina hiyo kwa ajili ya moyo ana haki ya kuhofia lita. Kijiko kwenye maharage ya mtoto hakitamdhuru.

Nitaambiwa pia kwamba watoto wetu wanakula mchicha, matembele na kisamvu, na kwamba majani hayo yamejaa beta-karotini. Yamejaa kweli. Ila mwaka 1995 Saskia de Pee na wenzake walitoa matokeo ya Indonesia yaliyowashangaza wengi: akina mama wanaonyonyesha walioongezewa mboga za majani kila siku hawakupata nafuu ya vitamini A, wakati waliopewa kiasi kilekile cha beta-karotini ndani ya biskuti walipata. Ndani ya jani rangi imeshikwa kwa nguvu kuliko ndani ya tunda au kiazi. Sisemi mboga za majani ziachwe, zina madini ya chuma na mengine mengi. Nasema zisihesabiwe kana kwamba gramu moja ya jani ni sawa na gramu moja ya kiazi. Na jinsi ya kupika inabadili mambo. Wapishi wa pwani wanaotia nazi kwenye kisamvu kilichotwangwa, na wa bara wanaounga mchicha kwa karanga, walishapata jibu kabla ya maabara: karotini huyeyuka kwenye mafuta, na jani lililopondwa huachia zaidi. Kwa mlo mmoja gramu tatu hadi tano za mafuta zinatosha, na kipande cha parachichi kinafanya kazi hiyohiyo. Mboga iliyochemshwa kwa maji na chumvi inampita mtoto bila kumwachia kingi. Papai na embe huachia rangi yake kwa urahisi zaidi, ijapokuwa embe lina kama miligramu 0.6 tu kwa gramu 100, na lina msimu wake. Karoti ina kama 8, boga kama 3.

Kinachobeba hoja yangu zaidi ni kiazi lishe. Afrika Kusini, watoto wa shule ya msingi wenye miaka 5 hadi 10 walipewa gramu 125 za kiazi hicho kilichochemshwa na kupondwa, siku za shule tu, kwa siku 53. Akiba yao ya vitamini A kwenye ini ilipanda kuliko ya wenzao waliopewa kiazi cheupe. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2005, na kwangu ni kama umeandikiwa Wizara ya Elimu: chakula cha shule, kwa muda usiozidi muhula mmoja, bila kidonge. Msumbiji, katika jimbo la Zambezia, Jan Low na wenzake hawakuwa na jiko la shule. Waligawa marando kwa wakulima na kuwafundisha akina mama kupika. Katika matokeo ya mwaka 2007, watoto wenye vitamini A ndogo kwenye damu walishuka kutoka asilimia 60 hadi 38, na kwenye vijiji vya kulinganishia hawakupungua. Low, Maria Andrade wa Cape Verde na Robert Mwanga wa Uganda, pamoja na Howarth Bouis, walipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016. Kazi ya kiazi iliyotunukiwa ilifanyika katika bara hili, kwa udongo na mvua kama zetu.

Hapa ndipo yanapoanza maswali ya watendaji, na ni maswali ya haki. Kiazi hakihifadhiki kama mahindi, kwa hiyo shule itakosa kwa miezi kadhaa. Jibu liko kwenye ini: vitamini A huhifadhiwa humo, na mtoto aliyekula vya kutosha kwa msimu mmoja hutoka na akiba. Kalenda ya jiko haihitaji kiazi kila siku ya mwaka. Inahitaji kiazi kipindi chake, boga baada ya hapo, kwa kuwa likikomaa vizuri hukaa ghalani kwa miezi, na embe wakati wake. Kuhusu kukausha, naomba maafisa lishe wawe waangalifu. Michembe na matobolwa ya Usukumani na Unyamwezini ni njia nzuri ya kuokoa chakula, lakini karotini haipatani na jua wala na kukaa muda mrefu. Sehemu kubwa hupotea ghalani ndani ya miezi michache. Kikaushwe kivulini, kiliwe mapema, na kisihesabiwe kuwa na nguvu ya kiazi kibichi.

Swali la marando ni gumu zaidi. Kiangazi kirefu huyaua, na inzi weupe husambaza virusi vinavyodumaza shamba zima, hivyo mvua zikifika mkulima hana cha kupanda, au ana mbegu iliyochoka. Programu nyingi za viazi lishe zimefia hapo, mradi ulipofunga mlango. Lakini njia zinajulikana. Viazi vidogo visivyo na ugonjwa huhifadhiwa ndani ya mchanga mkavu, huoteshwa wiki chache kabla ya mvua, na hutoa marando kwa wakati. Shule yenye kisima na bustani ya robo ekari inaweza kuwa chanzo cha marando kwa kijiji kizima, na hiyo ingekuwa Elimu ya Kujitegemea kwa vitendo. Aina zipo na zinajulikana kwa wakulima: Kabode, Mataya, Kiegea, Ejumula. Kwa wanaonong'ona kwamba viazi hivi vimechezewa vinasaba, jibu ni fupi: vimepatikana kwa kuchavusha na kuchagua, kazi ambayo wakulima wameifanya tangu enzi na enzi.

Limebaki suala la ladha. Watu wazima wengi hupenda kiazi cheupe chenye unga, na cha rangi ya chungwa hukiona chepesi, chenye majimaji. Tena nchi hii ina kumbukumbu mbaya ya rangi ya manjano kwenye chakula: unga wa Yanga, mahindi ya msaada ya miaka ya njaa, uliwafanya watu wengi waihesabu rangi hiyo kuwa ya dhiki. Sidharau kumbukumbu hiyo. Ila kiazi hakikuja na meli ya msaada, na aina mpya zina unga kuliko zile za kwanza. Zaidi ya hayo, mlaji tunayemzungumzia ni mtoto, na watoto hupenda utamu na rangi. Mzazi hatalazimishwa kuacha kiazi chake cheupe nyumbani.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, Mheshimiwa Waziri. La kwanza, TBS na TMDA, kwa kadiri ya mamlaka ya kila mmoja, wadai kila chupa yenye beta-karotini ya kipimo kikubwa iandike kiasi chake kwa miligramu, na ibebe onyo la Kiswahili kwa herufi zinazosomeka: asiitumie mvutaji sigara, aliyewahi kuvuta, wala aliyefanya kazi kwenye vumbi la asbesto. Mafundi wanaobomoa mapaa ya zamani ya asbesto wametajwa hapo. Tangazo lolote linalodai kwamba kidonge hicho kinazuia saratani lizuiwe, maana ni dai lililopimwa likaanguka. La pili, kwa kushirikiana na Wizara ya Elimu, mlo wa shule uwe na chakula cha rangi ya chungwa angalau mara tatu kwa wiki katika msimu wake, na kila sufuria ya mboga au kande iwe na mafuta kidogo, karanga au nazi. Kamati za shule ziruhusiwe kupokea viazi lishe na maboga kama mchango wa mzazi badala ya mahindi. Kila mkoa uchague kilicho chake: Kanda ya Ziwa ina viazi, Kigoma ina mawese, Pwani ina nazi na maembe. La tatu, wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanapotangaza matone wamweleze mzazi kwamba matone yanaishia miaka mitano, na wamweleze kinachofuata.

Gharama ya ombi la kwanza ni karatasi na usimamizi. Ombi la pili linahitaji marando yawe tayari kabla ya mvua za vuli, ambazo huanza Oktoba, na kiazi kilichopandwa wakati huo huvunwa baada ya miezi mitatu hadi mitano, wanafunzi wakiwa wamesharudi darasani kwa muhula mpya. Tunaomba waraka utoke mapema, halmashauri zipate muda wa kuandaa vitalu.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mwandishi.